Njia ya Mtoto Garissa

Ukiwaambia jamaa zako kwamba unahamia Garissa na watoto wadogo, swali la kwanza huwa usalama, na la pili usalama pia. Niliulizwa hivyo Lamu, na walioniuliza walikuwa na sababu. Tarehe 2 Aprili 2015 wavamizi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mume wangu alipopata kazi huko mwanzoni mwa 2018, habari za siku ile zilikuwa bado vinywani mwa watu. Mama yangu hakuuliza habari za shule wala za mshahara. Aliuliza kama nyumba tutakayokaa ina ukuta na lango la kufungwa.

Ukuta ulikuwepo. Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa na dalali ilikuwa na ukuta mrefu, lango la chuma lililopakwa rangi nyekundu, vigae sakafuni na tangi la maji juu ya paa. Ilikuwa pembezoni mwa mji, kwenye ploti mpya, na barabara iliyopita mbele yake ilikuwa pana na imenyooka. Mti haukuwepo hata mmoja. Nilisimama langoni, binti yangu nimemshika mkono, mdogo wake nimembeba mgongoni, nikangoja nione nani atapita. Hakupita mtu. Dalali akaniambia kwa nia njema, "Hapa kimya, mama. Hakuna wa kukusumbua." Kimya kile ndicho kilichonitisha. Mtoto akianguka pale nje, nani atamwona? Sukari ikiisha, nani ataileta, na kwa chombo gani?

Mimi nililelewa Langoni, Lamu, katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Nyumba za mawe zimekaribiana hivi kwamba ukuta wa jirani ndio kivuli chako, na kila baada ya hatua chache pana baraza na wazee wameketi. Nilitumwa dukani tangu meno ya utoto hayajang'oka. Nikichelewa, habari zilifika nyumbani kabla yangu: nimeonekana wapi, na nani, nikifanya nini. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu wengi hudhani ni kwa ajili ya milango na mawe tu. Mimi naona kilichostahili kulindwa kuliko vyote ni namna mtoto mdogo anavyoweza kutoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine peke yake bila kuwa peke yake hata dakika moja.

Garissa haifanani na Lamu kwa sura. Ni mji wa mchanga na jua, umekaa kando ya Mto Tana, na joto la mchana hufika nyuzijoto 35 na kupita kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mifugo hupita katikati ya makazi. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa kabisa Afrika Mashariki, na siku ya soko malori ya ng'ombe na vumbi lake si mahali pa mtoto wa miaka mitano. Watu hukaa kwenye mabulla, yaani mitaa ya makazi, na kila bulla ina tabia yake, watu wake na umri wake. Ilinibidi nijifunze kuusoma mji ule upya, na nilianza na jua.

Garissa iko karibu kabisa na ikweta. Jua huchomoza mashariki, hupita utosini, huzama magharibi, bila kupinda sana mwaka mzima. Kwa hiyo njia inayokwenda kutoka kaskazini kwenda kusini huwa na kivuli cha ukuta asubuhi upande mmoja, na jioni upande wa pili. Njia inayofuata mkondo wa jua, kutoka mashariki kwenda magharibi, hupigwa jua karibu siku nzima na kuta zake hazikufai kitu. Hili sikuambiwa na mtu. Nililiona kwa kutembea na binti yangu kutoka kila nyumba tuliyoonyeshwa hadi shule ya karibu, saa moja asubuhi, kisha tena adhuhuri, saa ambayo watoto wa chekechea huachiliwa. Mtoto ni mkweli sana katika jambo hili. Penye jua kali alinivuta mkono akaanza kulia kwamba mchanga unaingia kwenye slipas na kumchoma vidole. Penye kivuli alisahau kulia, akaanza kuniuliza mbuzi wale ni wa nani na kwa nini wanakula katoni.

Adhuhuri ukuta hausaidii mtu. Saa hiyo kivuli ni cha mti na cha kibaraza cha duka, basi. Mti wa Garissa ni mwarobaini. Na hapa ndipo nilipolipata jambo ambalo tangu siku hiyo nimelishikilia kila nikimshauri mtu: Garissa, penye kivuli pana mtu. Hakuna mwarobaini mjini ulio bure. Chini ya huu kuna mama anayeuza maziwa ya ngamia kwenye madumu, chini ya ule kuna birika la chai na wazee, chini ya mwingine fundi cherehani, au kijana wa boda boda aliyelaza pikipiki yake akisubiri abiria. Ukitafuta njia yenye kivuli kwa ajili ya ngozi ya mtoto, umepata pamoja nayo njia yenye walinzi. Ukikosa kivuli, umekosa vyote viwili.

Mwandishi Jane Jacobs aliandika Marekani mwaka 1961, katika kitabu chake kuhusu uhai na kifo cha miji mikubwa ya nchi hiyo, kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu wake wa kawaida: wenye maduka, wapita njia, majirani walio madirishani. Alikuwa akiiangalia New York. Mabulla ya Garissa madirisha yake ni madogo na nyumba zimeelekea uani, ndani ya ua wa mabati au wa miiba, kwa hiyo ukilitafuta jicho dirishani hutaliona. Liko chini ya mti, na limekuona kabla hujaliona.

Tukachukua nyumba ya vyumba viwili katika bulla moja ya zamani. Ua wa mabati, choo nje, maji ya bomba siku nyingine, na siku nyingine ya mkokoteni wa punda. Msikiti karibu, dugsi, yaani chuo cha Kurani, karibu zaidi. Hakukuwa na barabara kubwa ya kuvuka kufika shuleni, na jambo hilo nililitilia mkazo kuliko hata maji. Watu wengi hulilia lami mbele ya nyumba, nami nawaelewa, vumbi linachosha na mvua ikinyesha matope yanachosha zaidi. Lakini mwenye watoto wadogo ajue kwamba mchanga mwingi humpunguza mwendo kila mwenye usukani. Tuktuk ikiingia kwenye njia yetu ilinguruma na kusogea polepole, na boda boda wakishusha miguu chini. Kwenye lami ya barabara ya Kismayu, hao hao huruka.

Mwanangu wa kiume ndiye aliyeupima mtaa. Alikuwa amekaribia miaka mitatu. Nilikuwa uani nikifua, mlango wa ua ukabaki wazi kidogo, naye akatoka nyuma ya kundi la mbuzi. Niliponyanyua kichwa hayupo. Nikatoka nje mbio, kanga begani, nikaangalia huku na huku. Kabla sijafika kona, nilimwona anarudi. Ameshikwa mkono na mama muuza maziwa ambaye sikuwahi kuzungumza naye, kwa kuwa mimi Kisomali sikukijua na yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu pesa. Mguu mmoja una slipas, mwingine hauna. Nyuma yao alikuja mwenye duka, akinieleza kwa Kiswahili chake kizuri safari yote: mtoto alipita mbele ya duka lake akifuata mbuzi, akampigia kelele fundi, fundi akamwita mama wa chai, na mama wa chai akamkamata kwenye njia inayokwenda mtoni, akamkabidhi kwa muuza maziwa aliyekuwa anapanda huku. Mtoto alikuwa amepita mikononi mwa watu wanne, wala hakuna aliyeuliza ni wa nani. Wote walijua ni mtoto wa wale wa Lamu.

Mguuni alikuwa na mwiba wa mathenge, mti ule ulioletwa nchini kuzuia jangwa na sasa umekuwa mateso kwa watu na mifugo. Mwiba wake huingia kwenye soli ya slipas kana kwamba ni mkate. Muuza maziwa aliketi kizingitini kwangu bila kukaribishwa, akaomba sindano kwa ishara ya vidole, akaichoma ncha yake kwenye moto, akautoa mwiba mzima huku mtoto akimtazama usoni kwa mshangao. Kisha akammiminia maziwa kwenye kikombe. Tangu siku hiyo mwanangu alimwita habaryar, kama watoto wengine wa pale wanavyomwita mdogo wa mama yao, na yeye akaniita mimi walaal, ndugu.

Lakini mtaa haukukaribishi kwa bahati tu. Kuna kazi ya mgeni, na nashukuru mama yangu alinifunza mapema. Tulipofika, kabla hatujapanga vyombo, mume wangu alikwenda kwa mzee wa mtaa anayesimamia mpango wa usalama wa ujirani, Nyumba Kumi, akajitambulisha kwa jina, kazi na kabila, na kwa nini tumekuja. Mimi niliwapitia majirani wa kike na sahani ya vibibi. Kila nilipoketi nilisema neno lile lile: mtoto wangu ni wenu, akikosea mkanyeni, msiningoje. Akina mama wengi wahamiaji hawalisemi hilo. Wanataka majirani wamlinde mtoto, lakini wasimguse kwa neno. Mambo hayo hayaendi pamoja. Jirani ambaye hana ruhusa ya kumkemea mwanao, siku ya hatari atasita, na kusita kwake kunatosha.

Usidhani kwamba jicho la mtaa kwa mgeni ni la wema mtupu tangu mwanzo. Garissa ina kumbukumbu zake. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama vilichoma makazi ya Bulla Karatasi na kuwakusanya watu katika uwanja wa shule ya msingi ya Garissa, wakawekwa pale kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Kuna wazee hai waliokuwa uwanjani pale wakiwa vijana. Baada ya shambulio la 2015 tena, serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia jioni hadi asubuhi, wakati ambao katika mji wa joto ndio hasa watu hutoka kupumua na watoto kucheza. Mtu aliyepitia hayo akimwona mgeni anayeulizauliza nyumba, ana haki ya kumtazama mara mbili. Utambulisho kwa mzee wa mtaa hauwezi kuchukuliwa kama adabu ya kupita. Ni njia ya kumpunguzia jirani wasiwasi alioupata kabla yako.

Tena lazima niseme wazi: mimi ni Mwislamu, navaa buibui, na salamu yangu ilifungua milango ambayo kwa wengine ilihitaji kubishwa. Rafiki yangu mmoja, muuguzi kutoka Ukambani, alikuwa na hesabu nyingine. Yeye aliuliza kwanza habari za Julai 2012, makanisa mawili yaliposhambuliwa mjini siku ya Jumapili na waumini wakauawa. Aliambiwa pia yaliyofuata, kwamba viongozi wa Kiislamu walijitokeza na kutangaza kuwa vijana wao watasimama kulinda makanisa wakati wa ibada. Yote mawili ni kweli, na yeye aliyabeba yote mawili. Mwishowe alichagua nyumba za wafanyakazi zenye ulinzi. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo, nilielewa zaidi hofu yake. Madarasa mengi yalibaki bila walimu, na kwingine vijana waliomaliza kidato cha nne ndio waliosimama mbele ya ubao. Hofu ya mama mwenzangu si yangu kuipima. Ila Jumamosi alimleta mwanawe kwetu acheze, kwa sababu ndani ya uzio wao watoto walikuwa wachache na kila mmoja yuko mlangoni mwao. Alikuwa akiketi nami chini ya mwarobaini akinywa chai ya maziwa ya ngamia, akimwangalia mtoto anakimbia, na uso wake ulilegea.

Dugsi ndiyo iliyomfanya binti yangu awe mwenyeji. Baada ya sala ya alfajiri watoto hutoka majumbani kwa makundi, mabinti wakubwa wamewashika wadogo mikono, mbao na juzuu kwapani. Hakuna mzazi anayesindikiza. Mwanzoni nilimfuata kwa mbali. Niliona jinsi kundi linavyosimama kila mlango kungoja mmoja, jinsi mkubwa anavyowapanga wadogo kando ya ukuta punda wa maji wakipita. Katika muda mfupi alikuwa anajua njia zote za bulla, na Kisomali chake kikanipita mbali. Aliporudi ndiye aliyekuwa mkalimani wangu kwa muuza maziwa.

Kuna kivuli kimoja, hata hivyo, ambacho mwenye watoto asikifuate. Kivuli kizuri kuliko vyote Garissa kiko kando ya mto, kwenye mashamba ya miembe na migomba. Upepo wake ni wa neema. Tulipoonyeshwa nyumba huko, nilitamani kuingia papo hapo. Lakini Tana ina mamba na viboko, na ina mafuriko. Mvua ikijaa nyanda za juu, mabwawa ya Masinga na Kiambere hufurika, na maji hushuka hadi Garissa siku kadhaa baadaye, hata kama mjini kwenyewe anga ni safi. Masika ya 2018, tukiwa bado wageni kabisa, watu wa maeneo ya chini kama Bakuyu na Ziwani walihama na magodoro vichwani. Mwaka 2024 maji yalirudi kwa ukali zaidi. Barabara kati ya Garissa na Madogo, ng'ambo ya mto, ilifunikwa, watu wakawa wanavuka kwa boti, na mwishoni mwa Aprili boti moja ikapinduka pale Kona Punda na roho zikapotea. Nawafikiria mara nyingi akina mama waliokuwa na watoto mikononi siku hizo, wakisubiri zamu ya boti.

Sasa mji unapanuka. Ploti mpya zinakatwa kila upande, na ramani zake zinanitia huzuni: barabara pana zilizonyooka, ukuta baada ya ukuta, na mti hakuna. Ningekuwa na neno mbele ya serikali ya kaunti, ningeomba kabla ya lami wapande miarobaini kutoka kila shule ya msingi hadi kwenye mabulla inayoyahudumia, na wampe mtu kazi ya kuimwagilia miaka ya mwanzo, maana mche usiomwagiliwa Garissa haufiki mwaka wa pili. Mama wa maziwa atakuja mwenyewe kukaa chini yake. Hahitaji kupangiwa.

Wiki iliyopita binamu yangu wa Malindi alinipigia. Anahamia Garissa, ana watoto watatu, mkubwa yuko gredi ya kwanza. Ametumiwa picha za nyumba kwenye simu, zinang'aa. Nilimwambia picha aziache. Aje mwezi wa Machi, joto likiwa kileleni, wala asije Julai mji ukiwa umepoa. Aje na mtoto mmoja, atembee naye adhuhuri kutoka kwenye nyumba hadi shuleni, kisha tena baada ya magharibi, aone ni nani walio nje. Asimamishe mwenye mkokoteni wa punda, amnunulie chai, amwulize njia zipi husimama maji mvua ikinyesha na nyumba zipi wapangaji huhama kila mara. Yule huingia kila ua, kila siku, na hana nyumba ya kuuza. Akanijibu kwamba mumewe anataka yenye ukuta na lango. Nikamwambia ukuta mzuri, lakini kwanza ahesabu miti.